Karibu ya Barazani

Garsen,
20 Februari 2025

Mdogo wangu Said,

Hujambo, Mama hajambo, na mkeo Mwanaidi naye? Mimi mzima kwa namna mjane anavyokuwa mzima. Naandika kwa kalamu kwa sababu ramani ya nyumba haiendi kwa simu, tena mtandao wa Ozi unaujua mwenyewe, kinachofika ni kikohozi, maneno yanabaki Kipini. Fundi wako Karisa amekuja Garsen kununua misumari, ameahidi kukufikishia bahasha hii isilowe.

Niko katika wiki ya tatu ya eda. Sitoki, sijitii manukato, nakaa chumbani na penseli yangu na rula. Abdirahman hakuugua muda mrefu. Alirudi mnadani na homa, na kabla sijajua ni homa gani, wanaume walikuwa wamekwisha kumbeba. Namlilia, Said, nisikufiche. Wewe hukumpenda, lakini alikuwa mume mwema.

Sasa nikueleze jambo lililonikalisha macho. Mama mkwe wangu Sahra aliniita akaniambia bila kuzunguka. Kwa desturi yao mjane huolewa na ndugu wa marehemu, na ndugu aliyebaki ni Liban, ambaye ana mke tayari, Hamdi, na nyumba iliyojaa watoto. "Mimi silazimishi wewe," akaniambia. "Lakini Ladan ni mtoto ya Abdirahman. Hawezi lala kwa nyumba ya kupanga, leo hapa, kesho pale. Kama kwenu iko chumba yenu, chukua yeye, enda na baraka. Kama hakuna, yeye anabaki hapa. Na wewe ukitaka kukaa na yeye, Liban yuko." Akasema eda ikiisha atamtuma Liban anisindikize hadi Ozi, akakione hicho chumba kwa macho yake. Sikumlaumu. Ingekuwa ni mtoto wako, Mama angesema hayo hayo.

Kwa hiyo mdogo wangu, mimi na Ladan tuko mikononi mwako. Siku ya mazishi uliniambia, "Chumba chako kipo, dada." Neno hilo nimelala nalo kila siku tangu hapo. Sehemu yangu ya shamba la Baba endelea kulima wewe, siiulizi. Nataka chumba tu.

Umesema nyumba ya mawe unayoijenga pale juu mafuriko yasipofika, unataka iwe nyumba inayomvuta mtu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimewachorea watu wa Garsen na Hola nyumba zao tangu nitoke chuoni, na ya kwetu sijawahi kuigusa. Itazame ramani. Kidato cha kuingilia nimekiweka kifupi kwa sababu ya goti la Mama. Dirisha lake liko chini kidogo kuliko kawaida, ili hata akiwa kitandani aone nani anapita njiani. Mlango ni wa mbao mbili, unafunguka kwa ndani. Mlango unaofunguka nje unamwambia mgeni arudi nyuma, unaofunguka ndani unamwambia apite. Kuta nimependekeza chokaa, si rangi za makopo, maana chokaa hupoza macho ya mtu atokaye juani. Na chumba chetu kiko ubavuni mwa chumba cha Mama, milango miwili kwenye ukumbi mmoja, ili alfajiri tukitoka kutawadha tugongane.

Niambie kipi kibadilike.

Dada yako,
Fahima


Ozi,
5 Machi 2025

Dada Fahima,

Assalaam aleikum. Ramadhani imetukuta wazima. Mungu amrehemu shemeji Abdirahman, akupe wewe subira.

Ramani imefika kavu. Nimewaonyesha watu msikitini baada ya alasiri na wote wameisifu. Karisa naye ameisifu, na Karisa huwa hasifu kitu.

Nina ombi moja. Umeweka ukumbi wa nje mtupu. Nataka baraza, dada. Si kibaraza cha kuwekea ndoo, baraza hasa, mbili, kulia na kushoto kwa mlango, pana, zenye pa kuegemea. Nataka yeyote atakayekuja, awe wa kwetu au wa huko ulikoolewa, apate mahali pazuri pa kukaa, anywe kahawa yake, na asiondoke akisema nyumba ya watoto wa Mzee Chande imemfukuza.

Huku mambo si mabaya sana wala si mazuri. Maji ya chumvi yamepanda tena kutoka baharini na mpunga wa upande wa chini umeungua. Wafugaji wameanza kuteremka mtoni mapema mwaka huu, na ile njia ya kunyweshea mifugo kando ya shamba letu inaleta maneno. Wazee wanakutana. Wewe usijitie wasiwasi, kaa eda yako.

Mama anakusalimu. Mwanaidi pia.

Nduguyo,
Said


Garsen,
14 Machi 2025

Said, mwana wa mama yangu,

Barua yako nimeisoma nikalia, na nikamsomea Sahra, naye akavuta tasbihi yake. Sasa ngoja nikwambie kwa nini.

Ule mwaka wa fujo za wakulima na wafugaji ulisimama mtoni maji yakikufika shingoni mpaka jua lilipopanda, huku nyumba zinaungua pande zote mbili, zao na zetu. Ulipotoka mle ulisema hutanywa kikombe kimoja na mtu wa upande wa mume wangu hadi kufa kwako. Nilikuwa na mimba ya Ladan. Tangu siku hiyo Abdirahman akinisindikiza Ozi alikuwa anabaki Kipini, ananingoja kwa mwenye duka, na mimi nasema ana shughuli. Leo mtu yule yule ananiandikia kwamba anataka wakwe zangu wapate mahali pazuri pa kukaa. Mungu ni mkubwa.

Nimemweleza Liban baraza ni kitu gani, maana kwao hawanayo. Hapa mgeni akipiga hodi anavua viatu, anaingia moja kwa moja mpaka katikati ya nyumba, anakaa kwenye mkeka, anapewa maziwa kabla hajaulizwa jina. Miaka yote hii nimezoea hivyo, hata nimesahau kwamba kwetu watu hukaa nje. Liban akaniuliza, "Yaani ndugu yako anajengea sisi kiti ya mawe?" Nikamwambia ndiyo, kiti cha mawe, tena mimi ndiye nakichora. Akacheka kwa furaha. Ladan naye anataka kujua kama atalala juu yake mchana.

Basi tazama mchoro wa pili. Sikuufanya kwa haraka. Baraza nimeipa upana wa mtu kukunja miguu bila magoti kuning'inia. Kimo chake ni cha Mama, si cha fundi, akikaa nyayo zifike chini. Egemeo limelala nyuma kidogo, kwa sababu ukuta ulionyooka humchosha mtu akaaga upesi. Kona zote zimeviringwa, zisichane kanzu wala kumwumiza mtoto. Ukutani nimeacha shubaka la mtungi wa maji na vikombe vyake, mgeni asingoje kuomba. Paa nimelivuta mbele ili jua la saa tisa lisiwafikie. Mwambie Karisa asinifanyie ubahili kwenye zile kona, namjua.

Mtu atakayekaa hapo hatataka kuondoka.

Dada yako anayejivunia wewe,
Fahima


Ozi,
2 Aprili 2025

Dada,

Idd njema, ingawa imepita. Baraza ya kulia imesimama, ya kushoto imefika nusu. Watu wameanza kuikalia hata saruji haijakomaa, Karisa anawafukuza kwa mwiko.

Mambo mawili yamejitokeza. La kwanza, mlango ukiwa wazi mtu aliyekaa barazani anaona mpaka jikoni, na Mama siku hizi anakaa kichwa wazi kwa joto. Nataka ukuta wa stara nyuma ya mlango, anayeingia apinde kwanza.

La pili ni chumba chako. Nimefikiri sana. Wewe ni mtu wa kazi, watu watakuja kuchorewa nyumba, wanaume na wanawake. Je, wote wapite ukumbini mbele ya Mama? Naona bora mlango wa chumba chako utazame barazani. Utakuwa na uhuru wako, wateja watakukuta hapo hapo, na hakuna wa kukuuliza unaingia au unatoka. Mlango wa ndani uzibwe, kwa maana chumba chenye milango miwili ni karibu kwa mwizi.

Lichore wewe mwenyewe, dada. Karisa amekuwa hasikii neno langu, anasema anafuata mchoro wako tu.

Nduguyo,
Said


Garsen,
11 Aprili 2025

Said,

Kumbe nawe umeanza kufikiri kama mchoraji! Nilikuwa nimesahau kabisa kazi yangu, nilifikiria usingizi tu. Umenishinda hapo, nakubali.

Nimechora yote mawili. Ukuta wa stara nimeujenga kwa matofali ya matundu, ili macho yasipite lakini upepo wa mtoni upite. Chumba chetu sasa kina mlango wa barazani, na ule wa ndani nimeuandikia "zibwa", na sahihi yangu chini yake ili Karisa asikusumbue. Pembeni mwa mlango nimeongeza dirisha dogo. Nitaweka meza yangu hapo, mteja akae barazani, mimi niwe ndani, tuelewane bila yeyote kumwingilia mwenzake.

Kitu kimoja kimenigusa nilipokuwa nikichora, nikakiacha. Kwenda chooni itabidi mimi na Ladan tuzunguke nyumba kwa nje. Lakini si neno. Mvua haiji kila siku, na jirani zetu tunawajua.

Ladan amechora paka juu ya paa la nyumba. Usimwonyeshe Karisa, asije akamjenga.

Fahima


Ozi,
4 Mei 2025

Mwanangu Fahima,

Anayeandika ni Karisa, maneno ni yangu mimi mama yako. Nimemngoja Said aende shamba ndipo nikamwita fundi aache mwiko ashike kalamu. Ananicheka lakini anaandika.

Mwanangu, kusoma ramani mimi sijui. Najua kuona. Juzi nimemwona Karisa anaziba mlango wa ndani wa chumba chako, ule ulioelekea kwangu. Nikamwuliza kwa nini, akasema wewe ndiwe umeandika na sahihi umetia. Nikamwambia si kweli. Akanionyesha karatasi.

Nisikilize. Mimi nimezaliwa Kipini. Chumba chenye mlango wa barazani, kisichofunguka ndani ya nyumba, wazee wetu walikiita sabule. Hulazwa mgeni. Mgeni huja, hukaa barazani, hulala sabule, huondoka, na ya ndani ya nyumba hakuyaona wala hakuulizwa. Ni heshima kwake, na ni heshima kwa nyumba. Lakini mwana wa nyumba halazwi sabule.

Labda siku hizi mambo yamebadilika na nyinyi mliosoma mnajua zaidi. Kama ni wewe uliyetaka, basi sawa, nami nanyamaza. Kama si wewe, mwandikie ndugu yako upesi, kabla plasta haijapigwa. Mimi kwake sina sauti, nyumba ni yake na mkewe, nami nakula sahanini mwao.

Goti langu linakipenda kidato chako.

Mama yako


Garsen,
12 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Mwambie Karisa hati yake ni nzuri kuliko plasta yake.

Ni mimi, Mama. Nimeandika mwenyewe na nimetia sahihi mwenyewe, usimnunie Said. Ameniwazia mambo ambayo mimi sikuyawaza, ya kazi na ya wateja. Sabule ni mambo ya zamani ya Kipini, ya enzi za watu wenye watumwa wa kuwapikia wageni. Siku hizi chumba kama kile kinaitwa ofisi, na huku Garsen watu wanakitamani.

Na hizo baraza hakujijengea yeye. Amewajengea wakwe zangu. Hebu fikiria Mama, Said! Yule aliyeapa. Sahra amesema mtu anayekutengenezea mahali pa kukaa amekwisha kukuingiza moyoni. Mimi namwamini ndugu yangu, nawe mwamini mwanao.

Eda yangu inakwisha baada ya Idd kubwa. Siku ya pili tu nitakuwa njiani, na Ladan na Liban. Niwekee ukoko wa wali.

Mwanao,
Fahima


Ozi,
1 Juni 2025

Dada,

Nyumba imekwisha, alhamdulillahi. Baraza haina nafasi, jioni imamu yupo, wazee wapo, hata mwalimu mkuu anapita kupumzika. Kila mmoja anauliza nani aliyechora, nami nasema ni dada yangu.

Karibuni sana. Njoo na Liban, na yeyote mwingine. Mtakaa vizuri. Ila mwambie Liban aje kwa miguu yake tu, ng'ombe awaache! Natania. Wazee wameamua njia ya mifugo kando ya shamba letu ifungwe mpaka tuvune, nami nimekuwa mmoja wa waliosimamia.

Sakafu ya ndani bado tunaipiga saruji, kwa hiyo msishangae.

Nduguyo,
Said


Ozi,
18 Juni 2025

Dada,

Natumaini mlifika Garsen salama. Mliondoka bila maneno mengi, Mama analia tangu siku hiyo, na Mwanaidi anasema nikuandikie.

Najua umekasirika. Nisome mpaka mwisho. Ladan ni damu yangu, nami nimemwona ana macho ya Baba. Lakini Ladan ana ami zake, upande wa baba. Mtoto akilala ndani ya nyumba yangu, ami yake ana haki ya kuja kumjulia hali, na siwezi kumzuia. Ami akija mara mbili, ya tatu atakuja na ng'ombe nyuma yake, ataniambia wewe ni mjomba wa mtoto wetu, nipishe ninyweshe. Nitajibu nini? Nimesimama mbele ya watu nikasema njia ifungwe. Kesho waseme mpwa wake analala ndani, njia imefunguliwa kwa mlango wa nyuma? Shamba lile ndilo tunalokula, mimi na Mama na wanangu. Wewe unakaa mjini, mambo haya unayaona kwa mbali. Mimi ule mwaka niliingia mtoni, na mpaka leo sijatoka.

Sikukufukuza. Uliandikiwa karibu, ukakaribishwa, mkala, mkalala. Hakuna mtu Ozi atakayesema Said alimfukuza dada yake.

Jirani ameipenda baraza, anaomba mchoro wake. Nimemwambia nitakuuliza.

Nduguyo,
Said


Garsen,
27 Juni 2025

Said,

Kweli hukunifukuza. Hakuna atakayesema hivyo, na ndiyo maana naandika mimi.

Tulipofika ulisimama mbele ya mlango ukatukumbatia wote, hata Liban. Ukatuketisha barazani. Mtungi ulikuwa kwenye shubaka nililolichora, maji ya baridi, vikombe safi. Kahawa ikaja, tende zikaja, wali ukaja. Liban alipapasa zile kona zilizoviringwa akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yako anapenda sisi." Nikakubali kwa kichwa.

Nilikuwa nangoja neno moja tu. Mama alitoka akakanyaga kidato changu, akanikumbatia, akasema karibu, karibu, karibu, na hakusema piteni. Mwanaidi alisema karibu. Wewe ulisema karibu mara nyingi kuliko wote. Nilipoinuka kuingia kama mtu anayeingia kwao, ulinishika mkono kwa upole ukasema sakafu mbichi. Nikaketi. Mimi ni mwanamke, nilikaa barazani na wanaume mchana kutwa, watu wa Ozi walionijua tangu nikiwa sina meno wakipita na kunisalimu kama wanavyomsalimu mgeni, na hakuna aliyeuliza.

Said, mimi kazi yangu ni nyumba. Saruji mbichi naijua kwa pua kabla sijaiona. Watoto wako walikuwa wakitoka ndani wakikimbia, nyayo zao kavu zina vumbi. Nyayo za Mama zilikuwa kavu. Sakafu yako ilikauka mwezi Mei.

Tukalala sabule. Mama alisema ni sabule nami nikamcheka kwa barua, nikamjibu na ya watumwa juu yake. Ladan alipobanwa na haja tulizunguka nyumba nzima kwa nje, tukapita chini ya lile dirisha nililolishusha ili Mama aone njia. Alikuwa macho. Tulitazamana kupitia nondo, mimi nimeshika mkono wa mwanangu na kopo la maji. Asubuhi niligonga ukuta pale mlango ulipotakiwa kuwepo. Nikasikia anagonga naye kwa upande wake.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ungenijibu barua ya kwanza ukaniambia dada, sikutaki wewe na mtoto wako, ningelia nikanyamaza. Ungenieleza habari ya njia ya mifugo kama ulivyonieleza sasa baada ya kila kitu, ningekuelewa, maana mimi pia nilizikimbia zile nyumba zinazoungua. Lakini uliniacha nichore. Uliniacha nifikirie egemeo la mgongo. Uliuficha moyo wako nyuma ya ustaarabu wetu wa pwani, ukanifanya niuzibe mlango kwa mkono wangu na kutia sahihi, ili Mama akiuliza aonyeshwe karatasi. Na mimi mjinga niliyekaa miaka kumi na miwili na watu wasiojua baraza nikasahau kazi ya baraza ni nini. Ni mahali pa kumpokea vizuri mtu usiyetaka aingie. Nimeichora vizuri mno.

Wahenga wa kwetu wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilisubiri jembe, Said. Ningelishika kwa furaha. Mwenye jembe ni mtu wa nyumbani hata kama analala nje. Badala yake uliniamsha alfajiri ukaniambia mashua ya Kipini ipo tayari, tusichelewe. Kumbe chumba hukukiogopa. Uliliogopa jembe, kwa sababu jembe lina shamba mbele yake, na mimi nilikwisha kukuandikia kwamba sehemu yangu siiulizi.

Njiani tulipopita Witu Liban alinigeukia. Akasema, "Shemeji, ile chumba haina mlango ya ndani." Nikamwambia nimeona. Akasema, "Mimi mama yangu nitaambia nini?" Nikamwambia, mwambie ulichokiona. Akamwambia. Sahra hakunisimanga. Alinitandikia mkeka karibu na kitanda chake akamlaza Ladan katikati yetu.

Kwa hiyo mambo ni haya. Ladan anabaki kwa baba zake, nami sitamwacha, nimekubali kuolewa na Liban. Simpendi, na yeye ananiheshimu, na Hamdi amelia siku mbili kisha akaja kunisaidia kubeba sanduku langu. Nitakuwa mke wa pili katika nyumba ambayo mke wa kwanza hakuniomba. Sikutaka mwisho huu. Nilitaka kugongana na Mama alfajiri ukumbini.

Mchoro wa jirani yako sitauchora. Ikiwa anauhitaji, aipime hiyo yako kwa kamba.

Baba hayupo, na Mungu hakunipa ndugu mwingine, kwa hiyo walii wangu ni wewe. Ndoa haitafungwa bila neno lako. Ni Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala, Maalim wa msikiti wetu ndiye atakayefungisha. Njoo uniozeshe. Njoo na Mama, kama goti lake litaweza. Nitakuja stendi kuwapokea mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi utakaa wapi. Nyumba hii hakuna aliyeichora, ni kuta nne na bati, na nje haina hata jiwe la kukalia. Utapiga hodi, utavua viatu, na hawa watu uliowafungia njia watakuingiza mpaka ndani.

Dada yako,
Fahima binti Chande